Maziwa ya unga: Bei ya chini imeandikwa nyuma ya mfuko

Mfanyabiashara anayenunua maziwa ya unga kwa jumla, mifuko ya kilo 25, anaweza kuwekewa mbele yake mifuko miwili yenye unga unaofanana kwa rangi na kwa jinsi unavyoyeyuka, lakini mmoja una bei ya chini kuliko mwingine. Akiuliza sababu ataambiwa ni nchi ulikotoka mzigo, au kwamba mwagizaji anataka kumaliza ghala. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa, nayo imeandikwa kwenye mfuko wenyewe, ila kwa herufi ndogo na upande ambao mnunuzi haugeuzi.

Mfuko wa bei ya juu ni maziwa ya unga yenye mafuta yake ya asili. Ule wa bei ya chini ni maziwa yaliyoenguliwa mafuta, kisha yakachanganywa na mafuta ya mimea, aghalabu ya mawese au ya nazi, ndipo yakakaushwa. Bidhaa hii ya pili si haramu. Inatengenezwa kwa wingi Ulaya na kuuzwa Afrika, hasa Afrika Magharibi, na ina kiwango chake cha kimataifa. Suala linalomhusu mfanyabiashara na mlaji ni jina linalotumika wakati wa kuiuza, kwa sababu jina ndilo linalobeba bei, ushuru na dhamana ya anayeuza.

Tuanze na hesabu. Kiwango cha Codex cha maziwa ya unga yenye mafuta kamili, cha mwaka 1999, kinataka mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 26. Kiwango cha mchanganyiko wa maziwa yaliyoenguliwa na mafuta ya mimea, cha mwaka 2006, kinataka jumla ya mafuta isiyopungua asilimia hiyo hiyo 26. Unyevu katika vyote viwili usizidi asilimia 5. Protini nayo imewekewa kipimo kile kile. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi ya maabara yenye maneno "mafuta asilimia 26, unyevu asilimia 4", hajakuambia chochote kuhusu jambo unalotaka kujua. Karatasi hiyo inazifaa bidhaa zote mbili.

Katika mfuko wa kilo 25, asilimia 26 ni kilo 6.5 za mafuta. Mafuta ya maziwa yana soko lake peke yake: ni siagi, ni samli, ni krimu ya viwanda vya keki na biskuti. Kiwanda kikiyaengua na kuyauza huko, halafu kikaziba pengo kwa mawese, kinapata mapato mara mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ya mafuta ya maziwa inazidi kilo ya mawese kwa Sh. 10,000. Tofauti katika mfuko mmoja ni Sh. 65,000. Katika kontena lenye mamia ya mifuko mtu anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Faida hiyo ni halali iwapo mnunuzi ameambiwa na amepunguziwa bei. Asipoambiwa, fedha ile ni yake na imechukuliwa na mtu mwingine, mahali fulani kati ya bandarini na dukani.

Kinachotakiwa kuandikwa

Codex haikuiacha bidhaa hii bila masharti. Jina lake kamili ni refu na halivutii: mchanganyiko wa maziwa yaliyoenguliwa mafuta na mafuta ya mimea katika hali ya unga. Nchi inaweza kuruhusu jina jingine, lakini lebo lazima iseme kwamba ndani yake kuna mafuta ya mimea. Tena lazima pawe na maneno yanayoonekana wazi kwamba bidhaa isitumiwe badala ya maziwa maalumu ya watoto wachanga.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumkosesha usingizi mwenye duka. Mfuko wa kilo 25 ukishafunguliwa na unga ukapimwa kwenye vifuko vidogo vya robo na nusu kilo, onyo linabaki kwenye mfuko mtupu nyuma ya kaunta. Mama anayenunua robo kilo kwa ajili ya mtoto haoni neno lolote. Anaambiwa ni "maziwa ya unga", basi. (Maziwa halisi ya unga nayo hayafai kuchukua nafasi ya maziwa maalumu ya mtoto mchanga, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.) Aliyefungasha upya amejitwika wajibu wa lebo, awe amejua au hakujua. Kama ni maduka matatu yanayopima kutoka mfuko mmoja, basi ni maduka matatu yanayouza chakula kisicho na jina.

Ulimi hauwezi kukusaidia sana. Wala kipimo cha kawaida cha uzito wa maziwa, kile wanachotumia wakusanyaji kukamata maziwa yaliyotiwa maji, hakikuambii mafuta yametoka kwa ng'ombe au kwenye mchikichi. Maabara inaweza. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yana asidi ya butiriki, ambayo mawese na nazi hazina, na mpangilio wa asidi za mafuta katika kila aina unatofautiana vya kutosha kumkamata mdanganyifu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: asilimia 26 hizi ni mafuta ya nini? Ajibu kwa maandishi, kwenye ankara.

Ugomvi wa zamani

Anayedhani ugomvi huu umeletwa na soko huria la hapa kwetu asome habari za Marekani. Mwaka 1923 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo maziwa yaliyojazwa mafuta yasiyo ya maziwa, likiyaita chakula kilichoghushiwa na biashara yake kuwa ni ulaghai kwa umma. Kampuni ya Carolene Products, iliyokuwa ikiuza maziwa ya kopo yenye mafuta ya nazi, ilipinga. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiunga mkono sheria. Kampuni haikukata tamaa. Iliongeza vitamini A na D ili hoja ya upungufu wa lishe iondoke, ikarudi mahakamani. Mwaka 1944 ikashindwa tena, na safari hii sababu ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kitabibu: makopo yanafanana, na mnunuzi anaweza kuuziwa moja akidhani ni jingine.

Sheria hiyo ilikuja kubatilishwa na mahakama ya shirikisho huko Illinois mwaka 1972, kwa kuwa wakati huo vyakula vingine vya kuiga maziwa vilikuwa vimeruhusiwa na haikueleweka kwa nini kimoja tu kizuiwe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi wa 1972 ulikuwa sahihi. Kumkataza mtu mwenye kipato kidogo kununua chakula cha bei nafuu kwa sababu wenye ng'ombe wana sauti bungeni si kumlinda mlaji. Lakini hoja ya 1944 haikufa. Ruhusa ya kuuza haimaanishi ruhusa ya kuchanganya majina.

Ulaya imelishika jambo hili kwa upande wa jina. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 inahifadhi neno "maziwa" kwa kile kinachotoka kwenye kiwele, na tarehe 14 Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani iitwayo TofuTown, kwamba bidhaa za mimea haziwezi kuuzwa kwa majina ya maziwa, siagi au jibini hata kama maneno ya kufafanua yameongezwa. Kiwanda cha Ulaya kinachotengeneza unga wenye mawese hakiwezi kuuita maziwa nyumbani kwake. Kwa nini mwagizaji wa huku auite hivyo?

Jina na ushuru

Sababu moja ya kulichunga jina ni forodha. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, maziwa yamewekwa katika orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa ushuru wa asilimia 60 yanapotoka nje ya Jumuiya, ili kuwakinga wafugaji wa ndani. Unga wenye mafuta ya mimea, kwa kawaida, haupangwi katika fungu la maziwa. Unapangwa katika fungu la 1901, pamoja na vyakula vingine vilivyotayarishwa kwa kutumia maziwa, lenye hesabu yake tofauti.

Hapo ndipo pana mtego. Mzigo unaoitwa "chakula kilichotayarishwa" mbele ya ofisa wa forodha na kuitwa "maziwa" mbele ya mwenye duka umepewa majina mawili ili upate faida mara mbili. Mfanyabiashara mdogo anayeununua mzigo huo Kariakoo hakuhusika na forodha, lakini nyaraka zake za manunuzi hazitalingana na kilichomo, na bidhaa ikikamatwa itakamatwa ikiwa mkononi mwake. Mwagizaji wakati huo atakuwa ameshauza. Mfugaji wa ndani naye anashindana na bei ambayo haikulipiwa kinga aliyoahidiwa.

Viongezi si uchafu

Wasomaji wengi wakiona namba kwenye lebo ya maziwa au mtindi hushtuka. Namba hizo ni za viongezi, yaani vitu vinavyotiwa katika chakula kwa kazi maalumu ya kiwandani, na nyingi hazina hatari katika vipimo vilivyoruhusiwa. Namba 322 ni lesithini, mara nyingi ya soya, inayofanya unga uyeyuke upesi bila madonge. Namba 331 na 339 ni chumvi za sitreti na fosfeti, zinazozuia maziwa ya muda mrefu yasigande yanapopashwa moto mkali. Namba 407 ni karagini, inayoshikilia kakao isizame chini ya pakiti. Inatokana na mwani, zao ambalo wakulima wa Zanzibar wanalijua vizuri kuliko wanasayansi. Namba 440 ni pektini ya matunda. Namba 202 inazuia ukungu.

Kiwanda kinachoandika namba hizi kimefanya kilichotakiwa, na ni kosa kukikimbia na kwenda kwa asiyeandika chochote. Maziwa ghafi yanayosafiri bila barafu kutoka kijijini yanaweza kutiwa haidrojeni peroksaidi au hata formalini ili yafike hayajachacha, na ndoo haina lebo. Njia halali ya kuyahifadhi pale pasipo na umeme ipo. Codex iliitolea mwongozo mwaka 1991, nayo hutumia kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa yenyewe kikisaidiwa na vipimo vidogo sana vya kemikali, chini ya usimamizi. Anayemimina peroksaidi kwa makadirio ya kifuniko cha chupa hafuati mwongozo wowote.

Kiongezi kimoja kinastahili kutajwa kwa watu wa pwani: jelatini, inayotiwa katika baadhi ya mtindi ili uwe mzito. Inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ya nguruwe. Lebo inayosema "jelatini" peke yake haijamjibu Mwislamu swali lake, na mwenye duka wa Tanga au Mombasa anayeuza mtindi wa namna hiyo ajiandae kuulizwa.

Ombi la viwanda vya Marekani

Je, kiongezi kilichothibitishwa kuwa salama kinahitaji kutangazwa mbele ya pakiti? Swali hili liliulizwa waziwazi Marekani. Mwezi Machi 2009 vyama viwili vikubwa, kimoja cha wasindikaji na kingine cha wafugaji wa maziwa, viliiomba mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ibadili maana ya kisheria ya maziwa na ya bidhaa nyingine 17 za jamii hiyo. Utaratibu uliokuwapo uliruhusu maziwa yenye ladha, kama ya chokoleti, kutiwa sukari na vitia utamu vyenye nguvu ya chakula. Aliyetumia kitia utamu kisicho na nguvu, mfano aspatemu, ilimbidi aandike mbele maneno kama "yenye kalori pungufu". Waombaji walitaka kitia utamu chochote salama kiruhusiwe bila maneno hayo ya mbele. Kingebaki kwenye orodha ya viambato nyuma.

Hoja yao ilikuwa ya wazi kiasi cha kushangaza: maneno "kalori pungufu" hayawavutii watoto, kwa hiyo yakiondolewa watoto watakunywa maziwa hayo zaidi na unene utapungua. FDA ilitangaza ombi hilo tarehe 20 Februari 2013 na kupokea maoni hadi tarehe 21 Mei mwaka huo. Walaji wakapiga kelele nchi nzima.

Sehemu kubwa ya kelele hizo ilihusu usalama wa aspatemu, namba 951. Kuhusu hilo, kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku tangu mwaka 1981. Kwa mtoto wa kilo 20 hizo ni miligramu 800. Mwezi Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka aspatemu katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, kundi ambalo lina maana ya ushahidi haba, na wakati huo huo kamati ile ya kwanza ikabakiza kikomo chake kama kilivyokuwa. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria ndio wasiopaswa kuigusa, na kwao lebo ni suala la afya moja kwa moja.

Lakini tukiweka usalama kando, ombi lile lilikuwa na kasoro ambayo mtu wa biashara anaiona upesi. Muuzaji anasema bidhaa yangu ni bora, ila mnunuzi akijua nilichobadilisha hataichukua, basi niruhusuni nisimwambie mbele. Bidhaa ikihitaji ukimya ili iuzike, soko tayari limeshatoa bei yake.

Hasara ya jina baya

Mwaka 2008 nchini China ulitokea mkasa ambao haukuhusu kiongezi halali bali sumu. Maziwa yalitiwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Sababu ilikuwa kipimo: protini hukadiriwa kwa kupima naitrojeni, na karibu theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Maziwa mepesi yakaonekana mazito kwenye karatasi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki kwa hesabu rasmi.

Kampuni ya Sanlu iliyokuwa katikati ya kashfa hiyo ilifilisika kabla mwaka haujaisha. Fonterra ya New Zealand, iliyomiliki asilimia 43 ya hisa zake, ilifuta vitabuni dola milioni 201 za nchi yake. Fonterra ilipata habari tarehe 2 Agosti. Bidhaa zilitangazwa kurudishwa tarehe 11 Septemba. Ukaguzi wa serikali ulikuta melamini katika bidhaa za kampuni 22 kati ya 109 zilizopimwa. Kampuni 87 hazikukutwa na kitu, lakini nchi nyingi zilipofunga milango kwa maziwa ya China hazikuwatenga hao 87. Hata miaka mitano baadaye, mwaka 2013, Hong Kong iliweka kikomo cha makopo mawili ya maziwa ya watoto kwa msafiri anayevuka mpaka, kwa sababu wazazi wa China bara walikuwa wakiyamaliza madukani. Waliokuwa na maziwa safi nyumbani hawakuaminiwa.

Kwa mwenye duka na mwenye hisa

Nchini Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, na tasnia yenyewe ina Bodi ya Maziwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hata hivyo mkaguzi hawezi kuwa katika kila ghala, na mnunuzi wa jumla asingoje mkaguzi ndipo asome mfuko. Neno "maziwa" likiwa kubwa mbele na neno "mafuta ya mimea" likiwa dogo nyuma, huyo si mzigo wa kuuza kama maziwa. Uza kama ulivyo, kwa jina lake na bei yake. Wenye migahawa na waoka mikate wengi watauchukua bila kinyongo, kwa sababu kwao nafuu ya bei ndiyo inayotafutwa. Ukipima kwenye vifuko, bandika jina na lile onyo la watoto. Gharama ya karatasi ni ndogo kuliko ya kurudisha mzigo. Asiyefanya hivyo anamuuzia mteja wake mbuzi kwenye gunia.

Mwekezaji mdogo anayefikiria hisa za kampuni ya usindikaji ana kazi tofauti kidogo. Faida ikipanda ghafla wakati bei ya maziwa ya wafugaji haijashuka, aulize malighafi imetoka wapi: ni maziwa ya ng'ombe wa hapa, ni unga uliorudishiwa maji, au ni unga wenye mafuta ya mimea? Kila kimoja kinaweza kuwa biashara nzuri, lakini hatari zake si sawa. Unga wa nje unafuata thamani ya shilingi na uamuzi wa ushuru. Maziwa ya hapa yanafuata mvua. Katika mkutano wa wanahisa menejimenti inaweza kujibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Ikijibu hivyo, anunue pakiti moja dukani na kuigeuza. Kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula, cha mwaka 1985, kinataka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikianza. Kama kilichoanza ni maji na kinachofuata ni unga, ameshapata jibu ambalo hakupewa mkutanoni.